Sensa

Nilipomwambia shida ni sensa
Daktari Jelimo alicheka: "Tena?
Si walikuja juzi wakatuandika mlangoni kwa chaki?"
Nikamweleza kwamba hii haihesabu watu.
Inakaa nyuma ya injini, gizani, jicho moja bila kope,
inahesabu meno ya gurudumu linalopita mbele yake:
hamsini na nane, halafu pengo.
Kwa pengo hilo injini hujua ilipo.
"Hamsini na nane," akasema, "kama mtaa ninaokaa."
Naye ni daktari wa meno.
Akaacha kucheka, akasogea.

Gari lenyewe jekundu, viti viwili, limelala chini mno,
lilifika Shabab likivutwa kwa kamba
na pikapu ya viazi kutoka Mbaruk.
Likiwa baridi linawaka.
Likipata moto linazima katikati ya mwendo,
kama mtu aliyekumbuka deni.
Ungoje dakika arobaini, liwake tena bila aibu.
Alikuwa amelingoja hivyo mara nne,
mara ya mwisho kwenye mvua,
malori ya Malaba yakimrushia matope.

Walioliunda waliificha injini nyuma ya viti
jinsi mtu afichavyo hela za karo.
Ukifungua mbele, nafasi ya begi.
Ukifungua nyuma, nafasi ya begi.
Nikashuka shimoni.

Mkono wa kulia hadi kwenye kiwiko,
kisha kiwiko nacho kikaingia.
Nilifumba macho ili nione.
Bomba. Waya. Bomba jingine, la moto, kidole kikarudi mbio.
Ukingo wa chuma. Waya.
Ni kama kutafuta swichi usiku nyumbani kwa wakwe:
unapapasa kwa adabu, unaogopa kuangusha kitu.
Khisa ameshika tochi inayomulika bega langu tu.
"Umeipata?"
"Nyamaza."
"Umeipata?"
"Khisa."

Hapo daktari akafungua mkoba,
akanishushia kijioo cha duara kwenye kijiti,
kile cha kutazamia magego.
Nikakipenyeza. Na kule ndani, kinyumenyume,
boliti moja nyeusi, imejikunyata kwenye masizi na mafuta
tangu kiwandani,
haijawahi kuonwa na mtu.

Ilikataa. Nikainyunyizia mafuta, tukanywa chai.
Ikakataa. Tukanywa chai tena.
Mara robo ya mzunguko.
"Ukipata robo umepata yote," nikasema kwa sauti,
na hilo ndilo lilikuwa kosa langu,
maana boliti ilitoka, ikaniponyoka vidoleni,
ikagonga ting, ikagonga ting,
na mgongo wa tatu, ule wa sakafu, tukaungoja.
Tunaungoja hadi leo.

Sumaku ilirudi mikono mitupu.
Sensa ya zamani nikaivuta, nikamwekea kiganjani,
ncha imeungua, yenyewe haizidi gego.
"Hiki tu?"
"Hiki tu."
"Na zile saa tano?"
"Za kufika. Kukitoa ni dakika moja."
Hakubishana. Alisema hata kwake
watu huuliza vivyo hivyo, wakiwa wameshika shavu.

Mpya ikaingia kwa boliti ya kuokoteza
kutoka kopo la Khisa.
Tukaliwasha, tukaliacha lingurume
hadi feni ikaanza kupiga kelele,
hadi jua likahamia ukuta wa jirani anayeuza betri.
Halikuzima.
Usiku ule mkono haukukunjika,
nikala ugali kwa kijiko kama mgeni.

Jumapili akanipigia simu, yuko Gilgil.
"Linakimbia, fundi, halijazima hata mara moja.
Ila nikikata kona ya kushoto
kuna kitu huko ndani kinafanya ting."
Nikautazama mkono, alama ya kuungua inaanza kubanduka.
"Usiogope," nikamwambia.
"Kuna mmoja hakuhesabiwa.
Mlete Jumanne."